Shingo Tupu ya Ata

Akiru, binti yangu,

Nimekuona leo ukipita uani na ndoo tupu na kurudi na ndoo tupu, ukijifanya hujasikia kitu. Umesikia. Mtaa mzima umesikia. Hata jirani yetu alikuja kuazima chumvi ambayo najua anayo, ili mradi achungulie aone kati yangu na bibi yako nani analia. Ameondoka na chumvi yangu na hakuona chozi la mtu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Bibi yako Ata amekunja ngozi yake ya kulalia, ameiegemeza mlangoni na kibuyu chake juu yake, na ameketi pembeni kungojea lori lako la kesho. Anasema anarudi Kakuma pamoja nawe, huko unakokwenda kufundisha. Nimemwambia haendi. Akasema anakwenda. Nikamwambia, "Labda mimi nife kwanza." Akatema tumbaku yake polepole, akanitazama, akasema, "Basi ufe mapema, lori linaondoka alfajiri."

Sasa wewe uko kanisani unawaaga wanakwaya wenzako, na yeye bado yuko palepale mlangoni. Mimi nimekaa huku jikoni hotelini, chai ya wateja wa jioni iko motoni, nakuandikia. Kesho hapo wanapopakilia malori kutakuwa na kelele, na mimi nikishikwa na hasira siwezi kupanga maneno, unanijua. Kwenye karatasi angalau siwezi kumrushia mtu mwiko.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya mtoni, wala jinsi mwalimu mpya anavyotakiwa kufunga kitambaa kichwani. Hayo unayajua, na usiyoyajua tumbo lako litakufundisha. Nataka ujue kwa nini sitaki hata kulisikia jina la Kakuma.

Wewe uliambiwa kwamba tulimleta Ata hapa Lodwar kwa sababu aliugua. Ulikuwa shule ya bweni, nikaona si vizuri kukusumbua kichwa. Hakuwa mgonjwa, Akiru. Aliumizwa, na aliyemuumiza ni mtoto aliyemzaa mwenyewe, baba yako mdogo Ekal, yeye pamoja na mkewe. Huyohuyo Ekal ambaye kesho atakuja kulipokea lori lako mikono wazi mbele ya watu, na ambaye amenitumia salamu kupitia kwa dereva kwamba chumba chako kiko tayari. Akaongeza, "Mama naye aje, nyumba ni yake." Nyumba ni yake! Dereva aliponiambia hivyo nilimwaga maziwa ya watu jikoni.

Ngoja nianze pale ilipoanzia.

Baba yako alipofariki, sisi wanawake wa nyumba ile tulifanya kama inavyotakiwa. Tulinyoa nywele, tukavua shanga. Unakumbuka ulivyolia nilipovua zangu, ukasema hunijui bila shanga. Ata naye alivua, na shingo ya Ata ilikuwa si mchezo. Shanga zilimpanda kutoka mabegani mpaka chini ya kidevu, nyingine alivishwa na mama yake akiwa msichana, nyingine zililetwa na babu yako. Na katikati, mbele kabisa, alikuwa amefungia kifungo cha shaba cha koti la kwanza la uaskari la baba yako. Kifungo kilipokatika mtoto wake alitaka kukitupa, yeye akakiokota akakifunga kwenye shanga. Watu walimcheka kwamba amevaa serikali shingoni. Alifurahi kuchekwa.

Matanga yalipokwisha tulivaa tena. Mimi nilivaa, Ata alivaa, niliona kwa macho yangu. Kisha yeye akaenda Kakuma kukaa na Ekal, maana mifugo ya nyumba ilikuwa kule, na mama mzee hukaa karibu na mifugo. Hakuna aliyeona ubaya. Ekal alikuwa na duka, alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili aliketi benchi la mbele. Watu walinipa pongezi mimi, eti mama mkwe wako amepata mahali.

Nilipokwenda kumwamkia mara ya kwanza, nilimkuta amenyolewa upara na shingo yake iko tupu. Sikushtuka. Sikia vizuri hapa, kwa sababu kosa hili angelifanya Mturkana yeyote. Mzungu angeona shingo tupu akauliza shanga zimekwenda wapi. Mimi niliona shingo tupu nikaona matanga. Nilijisemea kwamba uchungu wa mwanawe umemrudia, amevua tena. Nikamsifu moyoni, nikashusha sauti, nikakaa mbali naye kidogo, maana mtu mwenye matanga hasumbuliwi kwa maswali. Chakula kilipoletwa hakuja kula nasi. Nikasema ni uchungu. Alipoinua kikombe alimtazama kwanza mke wa Ekal. Nikasema ni uzee. Nilimwuliza hali, "Ejoka, Ata?" naye akajibu, "Ejok," bila kuinua uso, na Ekal akadakia haraka, "Yuko salama, anakula vizuri, usingizi tu ndio shida." Nilimwuliza mama, akajibu mtoto, na mimi nikashukuru kwa jibu.

Nikarudi hapa nikawa kipaza sauti cha Ekal. Nilimwambia kila mteja kwamba kuna mwanamke Kakuma anajua kumlilia mtoto wake. Wewe uliporudi likizo na kucheza kwenye harusi ya rafiki yako nilikukemea: "Unarukaruka, na bibi yako hadi leo hajavaa shanga!" Ulikaa chini ukainamisha kichwa. Kwa hilo kemeo naomba uniwie radhi. Ulikuwa na haki ya kucheza, na bibi yako hakuwa na matanga yoyote.

Nilijuaje? Walikuja watalii wakielekea ziwani, lile ziwa ambalo serikali imelibadilisha jina juzijuzi. Gari lao lilisimama hapa wanywe soda. Mmoja, mama wa makamo, mwekundu kwa jua, alikuwa amevaa shanga juu ya shati. Nilikuwa namwekea chupa mezani nikaona kifungo. Kifungo cha shaba, mbele kabisa, kimefungwa kwa uzi wa kano kama anavyofunga Ata peke yake duniani.

Niliiweka ile chupa. Nikamwuliza dereva wao, kijana asiye wa huku kwetu, "Hizo shanga ametoa wapi?"

"Amenunua Kakuma, mama. Iko duka moja hapo karibu na mto. Huyo mwenye duka anauza ya wazee, ya ukweli, si hii mpya ya kudanganya watu."

"Mwambie hizo ni za mama yangu."

Akamwambia. Yule mama akacheka kwa wema, akadhani ni mapenzi ya kawaida ya watu weusi kuitana mama, akanishika mkono na kusema kitu kirefu. Dereva akanitafsiria, "Anasema ni nzuri sana, anashukuru mama yako." Wakamaliza soda wakaondoka. Nilisimama barabarani nikitazama vumbi. Hata leo najiuliza kwa nini sikulala mbele ya lile gari.

Nilipanda lori la ngozi za mbuzi lililokuwa likielekea Kakuma, nikaketi juu ya ngozi zenyewe, na sikutuma salamu ya kusema nakuja. Shika neno hilo, mwanangu. Mzee akitembelewa kwa taarifa, huoni mzee, unaona maandalizi. Mara ya kwanza nilitangulizia salamu, nikakuta wamemwosha.

Nilifika jua la utosi. Ekal hakuwapo, mkewe alikuwa dukani mbele akipima sukari. Nilipita nyuma moja kwa moja. Kulikuwa na stoo ya mabati, mlango umefungwa kwa kamba kwa nje. Bati za Kakuma saa sita, unajua zilivyo, hata kuku hawezi kukaa chini yake. Nilifungua ile kamba. Ata alikuwa amelala kwenye gunia katikati ya mikebe ya mafuta, ngozi yake ya kulalia haipo, midomo imepasuka. Aliponiona hakufurahi. Aliogopa. Kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Funga, atakuona." Nikampa maji ya kibuyu changu. Aliyashika akauliza, "Ninywe?"

Mwanamke aliyenifundisha mimi kukamua ngamia, ambaye wanaume walikuwa wakinyamaza akianza kusema, ananiuliza mimi kama anywe maji.

Mikononi, hapa juu ya kiwiko, alikuwa na alama za vidole. Zilikuwa za rangi mbili, nyeusi mpya na njano ya zamani. Mtu akianguka mara moja hapati rangi mbili. Nilimwuliza nani, akasema ameanguka. Nilimwuliza tumbaku yake iko wapi, na hapo mdomo wake ukanywea kama wa mtoto aliyenyimwa titi. Akasema, "Nikiwa mbaya sipewi." Wewe unajua tumbaku kwa Ata ni nini. Wamempata mahali pa kumshika, wakamshika hapohapo, kama unavyomshika mbuzi sikio.

Mke wa Ekal akatokea, kipimo cha sukari mkononi. Hakuona haya hata kidogo. "Mama Akiru, usikasirike bure. Hii mzee iko na kichwa mbaya. Inatoroka. Tukiacha yeye inaenda mtoni, fisi inakula yeye, halafu nyinyi watu ya Lodwar mnasema ni sisi. Sisi nafungia yeye ju ya kumlinda."

"Na shanga mlizifungia wapi ili mzilinde?"

Hapo ndipo alipotazama chini.

Nilikwenda kwa mkubwa wa serikali wa pale, sitamtaja, akanisikiliza huku akichokonoa meno. Akasema, "Mama, hayo ni mambo ya nyumbani. Mkae kama familia muelewane." Mambo ya nyumbani! Mbuzi wa jirani akiibiwa ni kesi. Mama akiibiwa shingo yake nzima ni mambo ya nyumbani. Nilitoka pale bila kuaga. Kila utakaposikia maneno hayo, Akiru, jua kuna mtu amefungiwa mahali, na anayeyasema ameamua kutousogelea mlango.

Basi nikafanya nilichofanya. Nilirudi kwenye duka la Ekal, nikaketi chini kizingitini, katikati ya mlango wa wateja, na jua likiwa bado juu nikaanza kuvua shanga zangu. Moja moja. Nikazitandaza kwenye kanga mbele yangu. Sikupiga kelele, na wewe utashangaa kusikia hivyo.

Unajua maana yake. Mwanamke akivua shanga hadharani, kuna maiti. Mteja wa kwanza alikuja na chupa ya mafuta ya taa, akaniona, akarudi nyuma. Hakuna anayenunua kitu kwenye nyumba yenye maiti. Wanawake wakaanza kujikusanya, wanaojua na wasiojua, wakiulizana kwa minong'ono, mpaka bibi mmoja mzee akanisogelea na fimbo yake. Jina lake Arupe, rika moja na Ata, waliolewa mwaka mmoja. Akaniuliza, "Nani amekufa?"

"Sijui. Mwulize Ekal. Mama yake shingo iko tupu na kichwa kimenyolewa, na mimi nilivaa zangu nikijua matanga yamekwisha. Basi kama yeye bado amevua, humu ndani kuna maiti ambayo hatujaonyeshwa. Nimekuja kuililia."

Arupe aliegemea fimbo yake. Kisha akasema maneno ambayo yalinichoma kuliko ya yule mkubwa. "Sisi sote tulidhani anamlilia mwanawe." Kumbe Kakuma nzima ilikuwa imemwona na shingo ile, na wote wakapita kwa heshima na kwa sauti ya chini, kama mimi. Wale wawili waliiba shanga zake, halafu mila yetu nzuri ikawafichia wizi. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Hawakuhitaji kudanganya mtu. Sisi wenyewe tuliwatungia uongo, tena mtamu, tukausambaza.

Ekal akaja mbio. "Mama Akiru, vaa shanga! Unaleta mkosi kwa duka yangu!"

"Mkosi uko stoo, shemeji, umeufunga kwa kamba."

Wazee wakaitana jioni ileile. Usidhani walikuja upande wangu. Wa kwanza kusema alisema Ekal ni kijana mzuri, ndiye anayewakopesha sukari mvua inapokataa. Wa pili akasema wanawake wa mjini wana mdomo. Ndipo wakamleta Ata, wakamketisha hatua chache tu kutoka kwa mwanawe, wakamwuliza kwa adabu yote, "Mama, unatunzwa vizuri?" Naye akasema, "Natunzwa. Mwanangu ananipenda."

Ekal akatutazama kama mtu aliyeshinda ng'ombe wa kesi.

Mimi nilikuwa tayari kumrukia mtu. Arupe ndiye aliyepiga fimbo chini. Alisema, "Mnamwuliza mbuzi mbele ya chui kama chui ni jirani mwema." Akamshika Ata mkono, wakaenda wawili peke yao nyuma ya boma lake, wakakaa kule mpaka wazee wakaanza kulalamika njaa. Waliporudi, Arupe ndiye aliyezungumza, na Ata alisimama kando yake akiitikia kwa kichwa kila neno likiwa sahihi. Alieleza habari za stoo na tumbaku. Alieleza jinsi mke wa Ekal alivyomnyoa kila chawa walipoonekana, badala ya kumwosha, na jinsi shanga zilivyokatwa kwa kisu cha dukani siku aliyokuja mnunuzi, Ata akiwa ameshikwa mikono. Kifungo alikiomba. Alisema, chukueni zote, niachieni kile kifungo. Wakamwambia mnunuzi anazitaka zikiwa na kifungo.

Sijui kama naandika vizuri hapa. Ngoja nitie majani kwenye chai.

Wazee walimwamuru Ekal achinje fahali wa kumtakasa mama yake, na amtengee mbuzi wake mwenyewe, wenye alama yake Ata, wachungwe na watoto wa Arupe na si yeye. Alichinja akitabasamu. Watu wakala nyama, na watu wakishakula nyama husahau. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la mbele. Mimi nilimpandisha Ata kwenye lori nikamleta hapa, na tangu siku hiyo sijala chakula cha Ekal, wala sitakila.

Unaniona nakupa hadithi bila mawaidha. Wewe ni mwalimu, yatoe mwenyewe. Lakini hili nitalisema, maana utakaa Kakuma na utapita milango mingi. Mtu mzee akiwa na jambo, mara nyingi hatalisema, kwa sababu anayemtesa ndiye pia anayempa maji, na ni damu yake, na aibu ya mtoto ni aibu ya tumbo lililomzaa. Wewe tazama. Tazama nani anajibu anapoulizwa yeye. Tazama kama anaomba ruhusa kwa vitu vidogo. Vitu alivyokuwa navyo siku zote, fimbo, kibuyu, kikopo chake cha tumbaku, vikianza kutoweka kimoja kimoja, uliza viko wapi, hata kama umeshajipatia sababu nzuri. Hasa kama umeshajipatia sababu nzuri. Na ukimwuliza, muwe wawili tu.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia barua. Nilikuwa nimebakiza kukuambia usilale kwa Ekal hata usiku mmoja, ulale kwenye nyumba ya walimu, na kwamba Ata anabaki hapa na mimi, basi.

Kisha nikainua kichwa. Kutoka hapa nilipokaa naliona geti letu. Limefungwa kwa kamba.

Mimi ndiye ninayeifunga, Akiru. Nilianza wiki ile nilipomleta, kwa sababu aliamka akaenda zake mtoni kutafuta wanawake wa rika lake, nikamtafuta mchana kutwa roho mkononi. Nikasema, asije akapotea. Siku nyingine alitaka kwenda sokoni, nikamwambia jua kali. Alitaka kukamua mbuzi wa jirani, nikamwambia mikono yako imechoka. Wageni wakija wakimwuliza hali, nani anajibu? Wewe umenisikia. "Yuko salama, anakula vizuri." Maneno ya Ekal, neno kwa neno, yakitoka katika kinywa changu mimi niliyeketi kizingitini pake. Mimi sijamnyima kitu, sijamgusa kwa ubaya hata kwa ukucha, nampa tumbaku mpaka majirani wanalalamika. Nampenda yule mzee kuliko nilivyompenda mama yangu. Lakini kamba ni kamba. Leo mchana, nilipomwambia labda nife, alinijibu lile alilojibu, watu wakacheka, halafu akaongeza kwa sauti ndogo neno ambalo jirani hakulisikia. Alisema, "Ekal alinifungia kwa ubaya, wewe unanifungia kwa uzuri. Mlango hauna habari."

Nilikasirika. Nilikusimulia ugomvi mwanzo wa barua, sikukuambia hasira yangu ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya hilo.

Nimesimama nikamwendea sasa hivi. Sikukusubiri. Nikaketi chini kando ya ile ngozi yake, wawili tu, nikamwuliza swali ambalo, Mungu shahidi, sikuwahi kumwuliza tangu alipoanza kudai kurudi.

"Ata, ukifika Kakuma utalala wapi?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza kama kuna chai kwenye hoteli ya chai.

"Kwa Arupe. Amenijengea. Ametuma neno tangu mvua. Mbuzi wangu wako pale, nimewasikia wamezaa na sijawaona." Akageuza tumbaku shavu la pili. "Wewe ulidhani narudi kwa Ekal? Mimi ni mzee, si mjinga. Ulikuwa unapiga kelele tu, hukuuliza."

Nilikaa pale. Alinishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mke mpya, nisiyejua kukamua.

Basi kesho mtakuwa wawili. Mwambie dereva yeye akae mbele, wewe panda nyuma na magunia, una mifupa mipya. Mkifika, Ekal atakuwa anangoja. Mwamkie, ni baba yako mdogo, kisha pitilizeni mpaka kwa Arupe, na asikushawishi kwa chumba wala kwa chai. Wewe utalala nyumba ya walimu. Kila siku shule ikiisha upite kwa Ata, kwa saa tofauti, bila kutuma salamu. Arupe namwamini kwa roho yangu yote, na hata hivyo upite. Mimi pia watu walikuwa wananiamini.

Na siku nitakapokuwa mzee mimi, utakuwa na nyumba yako na mume wako na sababu zako nzuri. Njoo bila taarifa, uniulize nikiwa peke yangu.

Ata amekwisha kuniomba kitu kimoja cha safari. Nilimpa kanga mpya, akaikataa. Nilivua shanga zangu nusu nikampa, akazipima mkononi, akanirudishia, akasema atasubiri za kwake mwenyewe, atakazozinunua kwa mbuzi wake mwenyewe. Alichotaka ni kitu cha kufungia ngozi yake, isije ikafunguka kwenye lori.

Nimekwenda nikafungua kamba ya geti nikampa. Ameikagua, akaivuta, akasema inafaa. Anafunga mzigo wake sasa, na amenikataza nisimsaidie.

Ukirudi kutoka kanisani utakuta geti liko wazi. Usilifunge.

Mamako